Eti Bunduki ya Baba Salma Si Orijino

Zuhura shoga yangu,

Siwezi kukuuliza hujambo, basi nakupa habari tu, maana huko uliko najua hakuna wa kukupa za Hyattsville, na Marekani nzima, kama mimi. Mama Chiku ameolewa tena, na bwana yule yule. Lifti ya jengo lenu imetengenezwa. Miaka yote ulipandisha mchele kwa ngazi, umeondoka wewe ndio wameona aibu. Salma wako kapata kazi ya ofisini Rockville, kiti cha kuzunguka. Bado ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, ila siku hizi shikamoo inamtoka yenyewe bila kusukumwa bega. Analia akiwa anaoga, anadhani maji yanaficha sauti.

Haya. Hayo ni ya kukukaribisha. Kilichonileta ni bunduki.

Ile ya ukutani. Ile ya Kijerumani uliyomnunulia Baba Salma alipotimiza hamsini, kwa ajili ya yule babu wa babu yake aliyekuwa askari wa Wajerumani. Kuna mtu anasema si orijino.

Mtu mwenyewe nikueleze. Anaitwa Bwana Mutua, Mkenya, anakaa Rockville, na yeye anakusanya bunduki kuukuu za majeshi kama mumeo. Wamejuana baada yako. Alianza kuja Jumamosi moja moja, mara ikawa kila Jumamosi. Viatu vyake havina vumbi hata kidogo, na mimi mtu asiye na vumbi simwamini. Anakuja na kitochi na kioo cha kukuzia maandishi. Anakunywea chai kikombe chako cha maua, hakuna anayemwambia.

Siku hiyo nilikuwepo, nimepeleka sambusa. Akaishusha bunduki, akaigeuza, akaimulika weee, kisha akasema, "Hii si ya vita, ndugu. Hii ni kopi, imetengenezwa tu juzi. Cheki hizi herufi, zote ziko sawa, mashine imezipiga. Na hii mbao haijawahi angushwa." Yule akaongeza, sauti ya upole kabisa, "Lakini usijali. Naeza kukuletea yenyewe, na hii nikuondolee."

Nikuondolee! Zuhura, si wewe uliyeuza mitumba Tanga, si wewe ulinifundisha? Mtu akikwambia shati lako bovu halafu haliachii mkononi, huyo kashaona lebo.

Basi nikamkalia macho. Nikaenda kumuulizia saluni pale Riverdale ninaposukwa, si unajua pale hakikosekani kitu. Wakaniambia mkewe yupo, watoto wapo, kanisani anaimba sauti nzito, hana baya. Nikazidi kumshuku. Mtu gani hana baya?

Sasa Baba Salma. Unajua zile nyingine alizonunua baadaye, mtumba wa jeshi, zimechubuka, zina namba za zamani, anazikagua mpaka msumari. Hii ya kwako hakuwahi kuikagua hata siku moja. Kuipiga hakuipiga, ulimkataza risasi isikanyage nyumba yako. Kazi yake ilikuwa kuipaka mafuta kila Jumapili na kuirudisha ukutani. Jumapili iliyofuata hakuipaka. Nikaikuta stoo, nyuma ya mashine ya kufagilia, imefunikwa taulo.

Akaja kuniuliza jikoni, hanitazami, anatazama sinki. "Shemeji, mlikwenda wote kuinunua. Alijua?" Kabla sijajibu akasema, "Maana kama hili alinidanganya, na yale aliyoniambia hospitali niyashike vipi?"

Siyajui uliyomwambia hospitali. Sikuuliza, na mimi kutouliza unajua ni ugonjwa.

Nikamjibu, "Sijui, shemeji." Maneno mawili. Mimi huyu.

Na wallahi wakati ule nilikuwa sijui. Nilishuku watu wote. Nilimshuku yule mzungu wa ndevu aliyetuuzia kule Virginia, kwenye ule ukumbi wa meza mia za bunduki, kwamba alifunga nyingine tulipogeuza shingo. Nilimshuku Mutua kwamba kaingia na feki na katoka na ya kwako, ijapokuwa bunduki ni ndefu kama mwiko wa harusi na begi lake ni la kompyuta. Nisamehe shoga, na wewe nilikushuku. Nikasema labda Zuhura alitaka amfurahishe tu mzee, akaona atajuaje. Usiku nikakugombeza kabisa, nakunja nguo huku nakusema.

Mwisho nikamwambia Salma tutafute karatasi ya duka, tummalize huyu Mkenya. Tukaikuta kwenye pochi yako ya kahawia. Bado ina harufu ya udi, na zile pipi zako za tangawizi zimegandana. Karatasi imekunjwa mara nne. Neno liko katikati, mwenyewe muuzaji kalipigia mstari kwa kalamu. Salma akalisoma kwa sauti. Riprodakshen.

Nikapiga makofi. "Enhe! Si ndilo hilo! Uzazi!"

Salma akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka.

Zuhura, unajua mimi nafanya usafi kliniki ya akina mama mwaka wa tisa huu. Neno kama hilo liko mlangoni, nalipangusa kila asubuhi, na kila mtu anajua pale ni mambo ya uzazi. Sasa siku ile mzungu alikuwa na bunduki mbili mezani, hii inang'aa, hii imechubuka. Uwezo wa kununua yoyote ulikuwa nao. Mkono wako ulikuwa juu ya ile iliyochubuka, nakumbuka na pete yako. Yeye akaonyesha inayong'aa, akalisema lile neno mara mbili, polepole, kama unavyomsemesha mgeni. Ukanigeukia. "Anasemaje?"

Mimi darasa la nne sikumaliza. Lakini wewe ulikuwa unakiamini Kiingereza changu, na mimi napenda kuaminiwa. Nikakwambia, "Anasema hii ndiyo ya uzazi. Ya ukoo ule ule, baba mmoja mama mmoja. Hiyo nyingine haina kwao."

Ukaniuliza, "Una hakika? Mtumba haung'ai hivi."

Nikakucheka mbele ya watu. "Unampelekea mume zawadi imetafunwa na panya?"

Ukaondoa mkono.

Salma alinieleza taratibu, Kiingereza chake na vidole. Kwamba maana yake ni kopi, kitu kipya kilichofanywa kifanane na cha zamani. Akasema, anti, yule mtu hakuwadanganya. Aliwaambia wazi.

Hizo ni wiki tatu sasa. Wiki tatu! Mimi ambaye ya Mama Chiku niliyasema kabla hata bwana hajashusha sanduku. Hili limenikwama. Nimemwomba Salma anyamaze, na mtoto wa watu kanyamaza, namfundisha kumficha baba yake. Yule Mutua nimekuja kujua alichotaka. Alitaka kumpa mumeo moja ya zake, yenyewe ya vitani, aichukue hii isimuumize macho. Hakuna alichokuwa anakinyemelea. Baba Salma kamkatalia. Ukutani haitaki, na kutoka nyumbani haitoki.

Ila amekuita marehemu. Mara tatu, mbele yangu. Zamani alikuwa anasema Zuhura, kama umetoka kidogo dukani unarudi.

Nilinyamaza kwa nini, nikwambie? Niliogopa mlango. Siku yangu ya ofu sina pengine pa kwenda ila kwenu. Nikasema akijua ni mimi niliyemnyang'anya zawadi yake kwa mdomo wangu, atanifungia, nitabaki nazungumza na redio. Kwa hiyo nimekuacha wewe ubebe. Umelala chini ya udongo, huwezi kujitetea, na shoga yako mwenye mdomo kuliko wote kakaa kimya ubebe.

Haya, basi. Naandika nikiwa kwenye gari, karatasi juu ya usukani, usinicheke mwandiko. Nimepaki chini ya dirisha lenu. Nakuahidi, Zuhura, na Mungu anisikie. Nitamwambia ulitaka ile iliyochubuka. Nitamwambia uliuliza mara mbili. Nitasema nikiwa nimesimama, sijavua kiatu, sijapewa chai, maana nikikaa tu najijua, nitaanza habari za watu. Na akinifungia mlango atakuwa na haki yake, lakini yale uliyomwambia hospitali atayashika.

Lala shoga yangu. Mungu akupanulie huko ulipo, akuwekee na majirani wasemaji.

Pazia limesogea. Ameshaliona gari. Ananipungia mkono, maskini, anadhani nimeleta sambusa.

Nashuka.

Wako wa siku zote,
Mwanaidi