Kutoka Gatumba hadi Gasenyi, kwa Sauti ya Kaka

Bujumbura, Jumamosi, mwezi wa nne 2005

Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imekatika. Hewa ni safi kabisa, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa inaonekana karibu, kama vile mtu ameisogeza usiku. Nimekaa kwenye cyber, duka la intaneti la hapa mtaani Nyakabiga, mashine ya dirishani, bado nikiyawaza yaliyotokea juzi.

Naandika kabla sijayazoea.

Kwa asiyenijua: mimi ni Goreti, nafundisha informatiki, mambo ya kompyuta, kwenye shule ya sekondari. Mwezi uliopita Mama Domitila, mkunga, aliniomba nimtengenezee tovuti ya maternite yake ndogo, nyumba ya kujifungulia, kule Gasenyi, kaskazini, mji unakoishia. Vitanda vinne tu. Shida yake ilikuwa moja: watu wanapotea. Barabara zetu hazina majina ambayo mtu anayatumia, na miaka hii ya vita kila mmoja alijifungia mtaani kwake, upande mwingine wa mji akausahau. Hata mimi nilikuwa sijafika Gasenyi kwa miaka kumi. Kwa gari si mbali. Nilikuwa naogopa tu.

Basi nikatengeneza ukurasa wa njia. Unabonyeza jina la unakotoka: Gatumba kwenye mpaka wa Kongo, uwanja wa ndege, soko kuu. Inakuja picha moja na sentensi moja: nenda hadi hapa, pinda huku. Chini kuna swali: umeshaiona stesheni ya mafuta? Ukijibu ndiyo, unapewa hatua inayofuata. Ukijibu hapana, unaambiwa namna ya kurudi ulipokosea.

Nakiri kwamba nilijiona mjanja sana.

Aliyenishusha kiburi ni Mzee Ramazani, dereva wa taxi, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, ambaye alinizungusha mji mzima nipige picha. Nilimsomea njia ya kutoka Gatumba, ambayo nilikuwa nimeinakili kutoka njia ya sokoni. Alisimamisha gari akacheka hadi akajifuta macho.

"Mwanangu, we umetuma mutu Kongo! Anayetoka Gatumba, kushoto yake si kushoto ya mutu wa soko."

Nikaandika upya kila njia peke yake, nikikaa upande wa mbele wa gari lake, nikisema kwa sauti kile ninachokiona. Yeye hakuhitaji kuangalia chochote. Alijua mti uliokatwa, duka lililohama, mahali ambapo bariyeri ya askari ilikuwa mwaka fulani na mwaka uliofuata haikuwepo. Mji wote ulikuwa kichwani mwake, hata mitaa ambayo sisi wengine tuliacha kuitaja.

Jumanne mvua kubwa ilivunja kidaraja cha karibu na Gasenyi. Mzee Ramazani alikuja shuleni mwenyewe kuniambia, suruali imelowa hadi magotini. Nilimwambia nitabadilisha wiki ijayo, nina mitihani ya kusahihisha.

"Apana," akasema. "Leo. Mama mwenye uchungu atafika pale, aone maji, afanye nini?"

Nilikasirika. Nilikwenda naye huku nimenuna, tukatafuta njia ya kuzunguka, nikapiga picha tatu mpya, nikaziweka jioni ile ile kabla cyber haijafungwa. Nilifanya ili aniache, si kwa sababu nyingine.

Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa kwa Mama Domitila, namwonyesha picha nilizozichapa. Tukasikia gari linapiga honi kuanzia mbali. Liliingia uani likiwa na matope hadi kwenye vioo. Mbele alikaa mwanamke mwenye tumbo kubwa, jasho linamtiririka, ameshikilia simu kwenye sikio lake kwa mikono miwili. Dereva alikuwa mumewe.

Mwanamke alikuwa anapiga kelele kwenye simu: "Mulango wa kijani, ndiyo! Kaka, tunaona mulango wa kijani! Tumefika!"

Nilisimama pale pale. Mlango wa kijani. Hayo ni maneno yangu. Ndiyo hatua ya mwisho ya njia ya Gatumba.

Mama Domitila alimtazama yule mwanamke, akamwita kwa jina. "Odette? Ni we?" Kumbe walijuana Uvira, upande wa Kongo, wote wawili wakiwa wakimbizi, na ni Mama Domitila aliyemzalisha mtoto wa kwanza, mtoto aliyekuja vibaya, akitanguliza miguu. Safari hii Odette alikuwa amekataa kumwendea mtu mwingine yeyote. Akaingizwa ndani, na simu akaniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu.

Mumewe, Bahati, alikaa kwenye ngazi, akanieleza. Yeye ni mtu wa Uvira, anauza vitenge Gatumba, Bujumbura anajua soko na njia ya soko, basi; na Odette aliukimbia mji akiwa bado msichana mdogo. Uchungu ulianza mapema kuliko walivyotarajia. Walimpigia Mama Domitila, simu yake ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika. Odette akampigia kaka yake, Leonidas, aliye Brussels tangu mwaka wa kwanza wa vita. Ni yeye aliyekuwa amemtafuta Mama Domitila kwenye intaneti na kuiona tovuti. Akafungua ukurasa, akabonyeza Gatumba, akaanza kusoma. Odette akawa anarudia kila neno kwa mumewe, katikati ya uchungu. Kaka anasema shika kushoto. Kaka anauliza, stesheni umeiona?

Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta Ulaya, asiyeona barabara wala gari, aliwapitisha kwenye mji wake mwenyewe hadi mlangoni. Na aliwazungusha kukwepa kidaraja kilichovunjika siku mbili kabla.

Siku mbili! Nilikuwa natetea wiki moja.

Nilikumbuka kwamba simu bado nimeishika. Nikaiweka sikioni. Alikuwepo.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mi ni Goreti. Ni mi niliandika ile njia."

Akaniuliza dada yake yuko wapi. Halafu ndani mtoto akalia, sauti kali yenye hasira, na nikaipeleka simu dirishani. Sijui alisikia kiasi gani. Niliporudisha simu sikioni mtu mzima alikuwa analia Brussels.

Ni msichana. Mama Domitila anasema naye alikuja akitanguliza miguu, na kama wangechelewa, hataki kusema. Nilipomsimulia Mzee Ramazani hakujisifu. Alisema Alhamdulillah, akauliza kama mama anakula.

Leo nimekuta barua ya Leonidas hapa kwenye mashine:

"Dada Goreti, tangu Alhamisi nafungua ukurasa wako tena na tena. Nabonyeza uwanja wa ndege, nafuata hadi Gasenyi, halafu naanza upya. Naomba uniongezee njia moja: kutoka uwanja wa ndege hadi Nyakabiga. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya shule ya msingi, geti jekundu, na mti wa avoka uani. Usiniambie kama bado iko. Niandikie njia tu."

Naishi Nyakabiga. Nyuma ya shule napita kila siku. Lile geti nalijua, siku hizi limepakwa rangi ya bluu, na nyuma yake kuna familia nyingine yenye watoto watano, wawili kati yao nawafundisha.

Kesho baada ya misa nitakwenda na kamera, nibishe hodi. Wakinifungulia na kuniuliza picha ni ya nani, siku hizi ambapo waliokimbia wanaanza kurudi kudai nyumba zao, nitawajibu nini?