Nilimsingizia Komadre Kuwa Amenifungia Waifai

Mpendwa Mwalimu Anselmo, naomba unisaidie maana nimeshaharibu na sijui nianzie wapi kutengeneza, mimi ni mfumaji wa lesi ya ñandutí hapa Itauguá, na kila Jumamosi nawafundisha wanawake wa mbali kwa kompyuta, nayo ina mifumo miwili, Linux ninayofundishia, na Windows ambayo mpwa wangu aliniwekea kwa ajili ya michoro, sasa Ijumaa ile Windows ikawa inakwamakwama, nikaifuta na kuisakinisha upya mwenyewe, nikajisifu kweli, lakini Jumamosi nilipofungua Linux waifai hakuna, hata jina la mtandao mmoja halionekani, na wanafunzi kumi na mmoja wananingoja.

Waifai yenyewe si yangu, ni ya jirani yangu Ña Ceferina, komadre wangu, yaani mama wa ubatizo wa binti yangu, ambaye mwaka wa tano huu ananiachia niitumie bila kudai kitu, ila Alhamisi alikuwa amelalamika kwamba sauti za wanafunzi wangu zinamvurugia usingizi wa mchana, basi nikaunganisha mambo, nikamfuata pale kwenye ukuta wa mpaka wetu tunapokunywa tereré, ile chai baridi ya majani, nikamwambia, "Komadre, kama umechoka kunisaidia si ungesema, kuliko kunifungia kimyakimya!" Akanitazama. "Nikufungie mimi? Hicho kisanduku hata kukizima sijui, mkwe wangu ndiye aliyekiweka." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Basi mkwe wako amekufundisha vizuri." Akabeba kiti chake na jagi lake la maji baridi, akahamia upande wa barabarani, leo siku ya tisa hajanisemesha, na kinachonichanganya zaidi ni kwamba nikifungua Windows waifai ipo, nasoma habari na kila kitu, nikadhani upande huo amesahau kuufunga. Je, ni yeye au si yeye? Na kama si yeye, nitamtazamaje usoni?

Zunilda, Itauguá

*

Zunilda, jibu umeliandika mwenyewe, ukalitupa mwishoni kama kitu kisicho na maana. Waifai ya jirani yako ni moja. Haijui umefungua Linux au Windows. Angekufungia, ungeikosa kotekote.

Sasa tulia nikueleze. Windows iliyosakinishwa upya, ukiizima, mara nyingi haizimiki kabisa. Inasinzia ili kesho iamke haraka, na inaweza kusinzia ikiwa bado imekishikilia kile kifaa kidogo cha ndani kinachonasa waifai. Linux ikiamka inakitafuta, inakikuta mikononi mwa mwenzake. Bila shaka mpwa wako aliiondoa tabia hiyo zamani. Ulipoifuta Windows, ulifuta na kazi yake.

Nilikupigia simu Jumanne ili Jumamosi nyingine isikupite. Wasomaji wa safu hii wenye shida kama hii wajaribu tulichofanya: ingia Windows, fungua mipangilio ya umeme, ondoa alama kwenye kipengele cha kuwasha kwa haraka, kisha zima na ungoje taa zote zife. Ndipo ufungue Linux. Ilituchukua dakika saba, mbili kati ya hizo ukitafuta miwani. Halafu ukapiga yowe: "Imeshika! Mwalimu, imeshika!"

Nilifurahi nawe. Lakini, binti yangu, kusakinisha mfumo peke yako ni jambo la kujivunia. Kumhukumu mtu kabla ya kupima ni uvivu. Ulikuwa na ushahidi wote mezani, ukaenda kuutafuta kwenye manung'uniko ya mtu aliyenyimwa usingizi.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimtume binti yako akaombe baraka kwa mama yake wa ubatizo ili akufungulie njia. Usitangulize chipa, mkate wa jibini hautasema kwa niaba yako. Usimsemeshe juu ya ukuta. Zunguka, bisha hodi mlango wa mbele, useme, "Komadre, nilikusingizia," kisha unyamaze. Habari za Windows niachie mimi. Na somo lako lisogeze lianze saa kumi jioni, akishaamka.

Tena usiniambie unaogopa hatakupokea. Ulipopiga yowe lile simu ilikuwa bado wazi, nami nilisikia sauti ya mwanamke ikitoka ng'ambo ya ukuta: "Imepona, komadre?"

Wewe ukakata simu. Siku zote hizo amenyamaza, na alipofungua mdomo aliulizia kompyuta yako.

Nenda ukamjibu.