Hanga Nyeusi, Hanga Nyeupe

Milwaukee, Februari 1998

Dada Ernestine,

Simu yangu imekatwa, ndiyo maana naandika. Theluji bado imejaa mlangoni, na Shanelle wangu ameota meno mawili.

Siku hizi hela ya serikali hupewi mpaka uifanyie kazi. Mimi nimepelekwa ghala la nguo za msaada, kupanga hanga za kutundikia nguo: nyeupe huku, nyeusi kule. Jana nilisahau skafu. Kurudi, namkuta msimamizi wetu, Bi Odette, anazichanganya upya.

"Jamani, si nimetoka kuzipanga sasa hivi!"

"Na wa zamu ya mchana wafanye nini, mwenzangu?" akasema, wala hakucheka.

Nimechoka, dada, na si mikono.

Nilimwomba ruhusa nije Yazoo City kumzika Mama. Amesema nikikosa kazini, hela inakatwa, na mwenye nyumba anaisubiri hiyo hiyo. Kwa hiyo Alhamisi msiningoje. Mvalishe lile gauni la zambarau, na kola uipige pasi mwenyewe.

Mjomba Lucius, aliyezoea kusema nakula bure, akiniulizia makaburini, mwambie niko kazini.

Mdogo wako,
Verdell