Msiba wa Kaka Yako Aliye Hai

Nyumba ya Mzee Suhaib,
Tandika, Temeke,
S.L.P. 45117,
Dar es Salaam.
1 Agosti, 1993.

Mpendwa wifi Raudha,

Asalaam alaykum. Habari za Tabora na habari za magoti yako? Shemeji Hija hajambo, na kile kikohozi chake cha kipupwe kimemwachia? Sisi huku wazima. Binti yetu Najat kajifungua mtoto wa pili, wa kike, ana sauti kama muuza samaki, na mama yake hana neno.

Barua yako ya Juni niliipata. Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikwama pale ulipoandika, "Wifi, niambie kweli, usinipoze. Kaka yangu bado anaongea?" Sikujibu mapema kwa sababu kweli yenyewe ilikuwa chungu. Leo ninayo ya kukuambia, basi vuta kigoda ukae.

Uliyoyasikia yalikuwa kweli. Tangu astaafu pale kiwanda cha nguo mwaka juzi, alikuwa akiamka alfajiri, anaswali, anavaa khaki zake za ufundi, kisha anakaa ukingoni mwa kitanda akisubiri king'ora cha kazini. Na king'ora hakilii tena. Siku hizi mitumba imejaa Tandika nzima na mashine nyingi za kiwanda zimezimwa. Jioni anavua khaki, analala. Chakula anadokoa tu. Ukimuuliza jambo anajibu kwa kichwa, na mwishoni hata kichwa akawa hatikisi. Niliogopa, wifi. Nilikuwa namwona anakwenda kidogo kidogo mbele ya macho yangu.

Sasa hapa mtaani wastaafu wana kikundi chao, wanakiita Bado Tupo. Kila alasiri wanakutana barazani kwa Mama Filomena, mkunga mstaafu. Wengine wanacheza karata, wengine bao, akina mama tunafuma vitambaa na kusengenya bila haraka. Mwezi wa Mei tulikwenda kutembea Kimbiji, tukarudi tumebabuka na jua, na Mama Filomena kapoteza kiatu kimoja, hajui hata kilipotelea wapi. Kaka yako walimwita mpaka wakachoka. Mara nne walikuja mlangoni, mara nne aligeukia ukutani.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Mihambo, dereva mstaafu, Mnyamwezi wa huko huko ulikoolewa. Nawe unajua sisi Wazaramo na hao watani zetu! Mwanzoni mwa Julai alinikuta bombani akaniambia, "Shemeji, mtu anaitwa haitiki, huyo maiti. Na maiti ya Mzaramo, mwenyewe ni mie mtani. Jumamosi nakuja kuzika." Nilicheka, halafu nikakubali. Nilikuwa nimeishiwa mengine ya kujaribu.

Jumamosi saa tatu asubuhi kikundi kizima kikaja na mikeka, wakatandika chini ya dirisha lake. Mihambo akajitwisha khanga yangu kichwani, akashika fimbo, akaanza kutembea kama kaka yako, mguu mmoja unaburuta, mkono kiunoni, na kile kikohozi chake kabla hajasema neno, vile vile watani wanavyomwigiza marehemu kwenye mazishi. Watu walikuwa hoi kwa kucheka.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Majirani sikuwaambia! Hamisa wa nyumba ya pili aliposikia "marehemu Suhaib" alitupa ufagio, akaja anapiga yowe la kweli, na nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, huyu na sufuria, huyu na mchele, huyu na kuni. Kilio kile kilinikata maini. Nilijua kwamba ni mchezo, lakini niliiona siku yenyewe itakavyokuwa, nikakaa chini palepale nikalia pamoja nao. Nililia hasa, wifi.

Mihambo hakuacha. Akapaza sauti, "Marehemu alikuwaga hodari wa kutakata! Bao kacheza miaka thelathini, kete hata moja hajala! Nyumba yake ubaoni sie tukiivunja kabla ya chai!"

Mlango ukafunguka. Kaka yako huyo, na khaki zake, macho mekundu, kidole mbele. "Muongo we, Mihambo! Nani hajala kete? Idi Mosi nilikufunga mara saba, ukakimbilia Ukonga kwa shangazi yako! Lete bao hapa!"

Hamisa alimkodolea macho kama kaona jini. Halafu vikapigwa vigelegele, vigelegele vya arusi kabisa. Mchele wa matanga ukageuka pilau, tukala mpaka alasiri. Alimfunga Mihambo mawili, akafungwa moja, na hilo moja analibishia hadi leo. Hamisa alininunia siku mbili, siku ya tatu akaja kudai sufuria yake, akabaki kunywa chai. Namdai msamaha na yeye ananidai ufagio, maana ule alioutupa uliokotwa na punda.

Tangu siku ile hakosi barazani. Anarudi magharibi akinisimulia nani kaiba zamu na nani kalala na kete mkononi, mpaka wakati mwingine namwomba anyamaze nisikilize redio. Fikiria, wifi, mimi ndiye ninayemwomba anyamaze! Na juzi amenipa shati lake la khaki. Nilidhani anataka nilifue. Akasema nilikate, nimshonee mfuko wa kutilia kete. Nimeushona, na kifungo cha kiwandani nimekiacha palepale.

Msalimie sana shemeji Hija, na mwanenu Anwar, na wote wa hapo nyumbani. Mama Filomena anakusalimu ingawa hamjaonana. Mola awafunike kwa rehema zake, na wewe akupe magoti ya kupandia garimoshi uje utuone.

Kaka yako kapita nyuma yangu, kaona jina lako, kaniomba kalamu. Nimemwachia nafasi hapa chini. Anasema na bahasha ataifunga yeye.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa dhati,
Mwanaheri.

Raudha mdogo wangu,
Nimesoma aliyoandika wifi yako. Kaongeza chumvi kidogo, Mihambo nilimfunga matatu. Lakini jambo moja halijui. Maneno ya Mihambo niliyasikia tangu mwanzo, nikabaki nimelala. Kilichonitoa kitandani ni sauti ya Mwanaheri akinililia. Nisingeweza kuisikiliza tena. Kutoka na maneno matupu niliona aibu, ndipo nikashika hilo la kete.
Usimwambie. Bahasha nafunga sasa hivi.
Kaka yako, Suhaib.