Siku Niliyojibu "Mbaya"

Jumatatu, 3 Machi 1952

Mie Shomari nina miaka sabini na mitatu, au minne. Nimewamaliza Wadachi wa Ujerumani, vita mbili kubwa, ndui, wake wawili, na meno yote ila manne. Kuandika nimeanza mwaka jana. Jirani yangu Mwalimu Kamugisha, Mhaya, ndiye aliyenifundisha, barazani kwake, na daftari hili kanipa yeye. Kasema andika ya kwako, hakuna atakayesoma. Leo mistari mingi bila kufuta. Mzee mwingine wa Buguruni ajaribu!

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi, njia panda, lori la mkaa limekata kona vibaya, limemgonga Mwalimu na baiskeli yake. Paja limevunjika. Damu nyingi. Watu wakaleta mkokoteni wambebe. Nikakataa. Nilikuwaga mpagazi vitani, machela nimebeba mie, mfupa uliovunjika hautikiswi. Nikavua kilemba, nikafunga paja juu ya jeraha, nikakaza. Abdulhussein mwenye duka kaacha mizani yake, kapiga magoti vumbini, kaushika mguu usicheze. Dereva nikamwambia akithubutu kuondoka nitamla — kwa meno manne. Akakaa chini, analia.

Dukani kuna simu. Bi Rubab, mke wa Abdulhussein, kaomba aunganishwe na hospitali, kapata. Akataka aseme yeye. Nikakataa. Aliyeona ni mie, atasema mie. Akanipa, akaigeuza, maana nilikuwa nimeishika juu chini.

Sauti ya mwanamume. Kaniamkia vizuri, nikaitika marahaba. Akauliza habari za huko. Nikajibu njema. Sasa mtu ajibu nini? Njema kwanza, ndiyo adabu, halafu lakini. Akauliza nyumbani, nikasema wazima wote. Navuta pumzi niseme lakini — akasema haya mzee, ahsante, simu hii ni ya wagonjwa. Kakata.

Bi Rubab kanitazama. Hakunigombeza. Kasema, "Baba Shomari, safari hii anza na lakini."

Kaomba tena. Simu ina mtu. Tunangoja, na damu iko nje. Mwisho akapokea yule yule. Habari, mzee?

"Mbaya."

Tangu nizaliwe sijamjibu mtu hivyo, hata siku niliyomzika mama. Duka zima likanigeukia. Yule bwana naye akaacha salamu. Wapi, nani, anavuja damu? Nikajibu yote kama askari.

Gari la wagonjwa likaja na kengele yake. Mmoja akataka kufungua kilemba, mkubwa wao akamwambia acha, hiki kimefungwa na anayejua. Nimesikia kwa masikio yangu! Mwalimu, midomo imemkauka, akaninong'oneza, "Mzee, leo ukurasa mzima."

Nimeandika na zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Kila nikipita: habari, mzee? Wanangoja. Nasema mbaya, wanaanguka kwa kucheka. Wauza samaki wameleta na wenzao wanisikie. Nami nacheka.

Kokuberwa, mke wa Mwalimu, karudi kutoka hospitali jioni. Daktari kasema vidole vya mguu ni baridi. Visipopata joto hadi Ijumaa, mguu unakatwa.

Nilikaza mno? Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Gurudumu la baiskeli ya Mwalimu nimelinyoosha kwa nyundo. Fundi kasema nimeliharibu zaidi. Muongo. Baiskeli ni ya mtu mwenye miguu miwili, nami naitengeneza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka msikitini, nikakaa barazani kwangu, baiskeli nimeiegemeza pale pale Mwalimu atakapoiona akirudi. Kokuberwa huyo anakuja na kikapu. Jua kali. Bakuli la uji alilopeleka limerudi tupu, limelambwa mpaka linang'aa. Kaniamkia. Nikamuuliza habari ya mgonjwa.

"Njema, baba."

Njema! Halafu akaomba maji.

Nimempa kata imejaa. Anakunywa. Macho yake yananitazama juu ya kata, na kwenye kona zake pamekunjamana kama pa mtu anayezuia kicheko. Au jua. Mie nangoja lakini yake: mguu upo au umekatwa? Naandika huku nangoja. Asiyeamini haya amuulize Abdulhussein, amuulize Bi Rubab, amuulize dereva wa lori, na huyu Kokuberwa, akishamaliza maji —