Fundi Asiyekalia Sofa Zake

Jumanne, 5 Agosti 2025

Daktari kijana, shati limenyooka, sauti ya mnadani. Eti, "Mzee, hii si bawasiri. Ni mpasuko wa njia ya haja kubwa, na umeshakuwa sugu." Mzee, mie? Na mlango wazi!

Tangu Pasaka nabugia majani ya Kondo, yule wa spika pale njia panda, anayetibu bawasiri, mapenzi na kesi za viwanja kwa chupa moja. Kumbe nina ufa. Fundi mbao mzima nashindwa kujua ufa!

Kisu baadaye, kasema. Kwanza dawa ya kupaka, ilegeze msuli. Kukalia maji ya uvuguvugu kila nikitoka chooni. Mboga, matunda, maji mengi. Wiki sita mpaka nane. Isipokubali ndio tuongee upasuaji. Aongee na mama yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Dawa inapasua kichwa. Alinionya, nikadhani anajikosha tu. Basi sasa naumwa juu na chini, katikati ndiko kuzima.

Sesilia kaninunulia beseni. La pinki! Mke gani huyu? Asubuhi kaniuliza mbele ya mama yake kama nimeshakalia maji. Mama mkwe akashusha kikombe: maji gani? Nikasema ya kuchemshia mbao. Akaridhika. Ukoo mzima ndivyo walivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani nilisimama ibada nzima. Watu wakadhani nimeokoka.

Lakini Keko, kwenye mabanda yetu ya fanicha, ndiko kwenye ishu. Pale sofa haiuzwi kwa mdomo. Mteja akija, fundi anajitupa juu yake, anadundadunda, ndipo mtu anaamini. Hiyo ndiyo garantii yetu. Mie sijajitupa siku nyingi. Sasa Jabiri wa banda la pili, mtu anayejaza maboksi badala ya sponji, anawanong'oneza wateja wangu: muulizeni Gervas mbona hakalii sofa zake. Wanaondoka. Na Polikarpo, mwenye banda, kasema ile seti ya kijani isipotoka mwezi huu, uwanja wa mbele anampa Jabiri. Mie nihamie nyuma, kwenye takataka za randa.

Niseme ukweli? Keko nzima itasema bawasiri, halafu itasema mengine. Nawajua. Bora nife na heshima yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Papai. Mchicha. Papai. Leo choo kimetoka laini, sikulia.

Basi, nisijitie nuksi.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimesimama, daftari juu ya kabati lisilo na milango. Nimesema naandika vipimo.

Kaja mama mmoja kutoka Boko, Demetria, miwani ya jua, ana lodge kule. Anaitaka seti ya kijani. Nikamwambia karibu ukae, mama. "Kalia wewe kwanza, nione." Jabiri kashamfikia, nikajua. Nikamkaribisha tena. Akasimama vilevile, mkono kwenye egemeo. Polikarpo akaleta kiti cha plastiki, akakifuta vumbi. Mama hakukitazama. Nikasema moyoni, haya ndiyo maringo ya Boko, matako ya dhahabu.

Jabiri akavuka, na wapambe wake wawili. Wakapanga mstari, mikono kifuani, wanangoja sinema.

Nikakaa.

Tako moja, polepole, mkono umeshika mbao. Jasho likanitoka mpaka kwenye nyusi. Nikatabasamu. Nilitaka kudunda, Mungu wangu, mwili ukakataa. Jabiri akacheka: "Si nilikwambia, mama? Kuna misumari humo."

Demetria akavua miwani. Akanitazama ninavyonyanyuka, akatazama kile kiti cha plastiki, akanisogelea. Sauti ya chini kabisa.

"Maji unakalia?"

Kumbe! Yeye tangu afike hajakaa popote! Nami nimemtukana moyoni asubuhi nzima.

Sasa Jabiri anapayuka kule, "Kakwambiaje, braza?" Polikarpo ananitolea macho. Mama bado amesimama, mimi nimesimama, sofa tupu katikati yetu. Anangoja nimjibu.