Barua Iliyoungua Ikafika

Dada Yustina, shikamoo.

Goti lako linaendeleaje? Na mahindi ya bondeni, tembo wameyaacha safari hii? Mimi mzima, ila mikono imechanika kwa sabuni na baridi.

Bado nafanya usafi kwenye makumbusho ya posta huku ughaibuni. Wiki hii nilifuta kabati la kioo lenye barua ya zamani, pembeni nyeusi kama ukoko. Mama mzee anayetunza humo akanieleza. Ndege za kwanza kubeba barua zilikuwa wazi juu, rubani ananyeshewa, anafuata reli kwa macho asipotee. Nyingi zilianguka. Iliyobeba barua hii iliangukia shambani ikawaka. Watu wa posta wakachambua majivu, wakagonga muhuri wa kuomba radhi, wakaipeleka.

Nikamwambia, "Si wangeitupa tu? Nani angejua?"

Akanishangaa. "Anyesi, barua siyo ya rubani. Ni ya aliyeandikiwa."

Dada, nilibaki na kitambaa mkononi, machozi yananitoka. Barua zangu nne kwa mwanangu zimepanda ndege nzuri, hazikunyeshewa, hazikuungua. Zimefika Mpanda, ukazichukua parokiani kwa mkono wako. Jumapili Neema kaniambia kwenye simu, "Barua zako ziko kwenye sanduku la vitenge. Mama kasema nitasoma nikikua."

Nikamuuliza, mama yupi? Nikasikia sauti yako: "Leta simu, chaji inaisha."

Kukuita mama siyo kosa. Mama mkubwa ni mama, ndivyo tulivyolelewa. Alipougua surua ulimlaza kifuani usiku mzima, na hilo sitalisahau. Najua pia Mungu hajakupa wako, na watu wa Kasokola walivyokusema. Lakini nasikia sasa hata kwenye mashine ya kusaga wanakuita Mama Neema, na wewe unaitika. Dada! Mtoto nilikuachia. Jina sikukuachia. Nililipata leba, nikishonwa bila ganzi.

Hii nimeipitisha kwa baba mdogo, katekista. Atakukabidhi, halafu atasubiri hapohapo mpaka ufungue sanduku. Usimkasirikie, nimemtuma mimi. Neema yuko darasa la tatu, anajua kusoma. Asome zote mwenyewe. Akilia, mwache alie, kisha umkumbatie kwa niaba yangu.

Msalimie bibi, mpigie kelele asikie. Na shemeji, mumeo. Nyie wote nawaota.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Neema